Friza ya Shangazi na Bei ya Kutii Onyo: Kisa cha Mvua ya Vuli 2023, Tudor, Mombasa

Friza ilikuwa imelala ubavu, mlango wake umeachama, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yameijaa nusu. Samaki aina ya una walikuwa wakielea humo pamoja na kandambili moja ya mtoto. Shangazi yangu alikuwa amekaa juu ya karai lake alilolifudikiza, miguu ndani ya maji, akihesabu kwa vidole. Nilidhani anahesabu samaki. Alikuwa anahesabu wadai.

Ilikuwa asubuhi ya katikati ya Novemba 2023, kwenye mtaa wa mabati na makuti ulioshuka hadi ukingoni mwa hori ya Tudor, yaani mkono wa bahari, kisiwani Mombasa. Mimi ndiye ninayeandika daftari la chama chao cha kuchangiana na kukopeshana, kina mama kumi na wanane wanaokutana kila Ijumaa baada ya alasiri. Kwa hiyo habari hii naijua kwa macho na naijua kwa hesabu. Shangazi ameniruhusu niisimulie, kwa sharti nisitaje jina lake.

Tunapozungumzia mabadiliko ya tabianchi na uchumi wa nchi, mazungumzo huanza na bandari, barabara, hoteli na pato la taifa. Mimi nitaanza na friza, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha hasara hii inapitia mlango gani.

Biashara ilivyokuwa

Shangazi ni mama karanga. Kwa asiye wa pwani: ni mwanamke anayenunua samaki kwa wavuvi au kwa tajiri mwenye chombo, akawakaanga na kuwauza kando ya njia, jioni watu wakitoka kazini. Kwa miaka mingi alinunua wa leo akauza leo. Tajiri humpa sehemu kwa pesa taslimu na sehemu kwa mali kauli, yaani anachukua samaki sasa na kulipa akishauza. Ni mpango wa kuaminiana, na uaminifu huo ndio mtaji wake mkubwa kuliko karai na jiko.

Friza ilikuja 2021, ya mtumba, kwa mkopo wa chama. Ilimbadilishia maisha kwa njia ambayo mtu mwenye mshahara huenda asiione upesi. Samaki wakiwa tele na bei imeshuka, ananunua na kuweka. Wakiadimika, anatoa. Msimu wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka na vyombo vidogo haviwezi kuvuka mwamba, kwa hiyo samaki ni wachache na ghali. Kaskazi inapoingia kuelekea mwisho wa mwaka, bahari hutulia, wavuvi hutoka nje, na Desemba wageni wa bara hushuka pwani kwa likizo. Mama karanga huvuna wakati huo. Novemba ndio mwezi wa kujaza friza, kwa mali kauli kubwa kuliko mwezi mwingine wowote.

Na Novemba ndio vuli. Maji yalimkuta akiwa na deni kubwa kuliko yote ya mwaka.

Usiku wenyewe

Mvua ilianza baada ya isha na haikupumua. Karibu saa sita stima ikakatika. Shangazi aliziba mlango kwa magunia ya mchanga, akaweka ndoo chini ya mabati yanayovuja, akakaa macho akiulinda mlango.

"Yalikuja na chini, mwanangu," aliniambia. "Mimi naulinda mlango, kumbe nyuma yangu sakafu inabubujika."

Maneno hayo yana uchambuzi mzima ndani yake. Mtaa ule haupati maji ya mvua peke yake. Bamvua la Mombasa, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa nyakati za alfajiri na jioni, na tofauti kati ya maji yaliyopwa na yaliyojaa hupita mita tatu. Mwezi ulikuwa umeandama siku chache tu nyuma. Mtaro unaopita katikati ya mtaa una mdomo uliofungukia horini, chini ya alama ya maji makuu. Mvua kubwa ikinyesha wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, au maji yakiwa yamepwa, mtaro unamwaga. Mvua hiyohiyo ikikutana na bamvua linalojaa, bahari inausukuma mtaro urudi ulikotoka. Maji ya juu hayana pa kwenda, ya chini yanapanda, vyoo vya shimo vinafurika, na sakafu ya udongo inageuka chemchemi. Kati ya adhana ya alfajiri na jua kuchomoza, maji yalipanda kutoka kifundo cha mguu hadi juu ya goti. Friza ikaelea kama mtumbwi usio na mwenyewe, ikapinduka.

Watu huniuliza: haya ni tabianchi au ni taka? Ni yote, na naona ni vizuri kuyatenganisha badala ya kulitupia neno moja lawama zote.

Mtaro ulikuwa umejaa chupa za plastiki. Mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017 na kwa kweli imepungua, lakini chupa zimebaki. Sehemu ya ukingo imejazwa kifusi ili watu wapate pa kujenga. Mikoko iliyokuwa ikivunja nguvu ya maji imekatwa boriti na kuni. Hayo ni ya kwetu wenyewe. Hata mikoko nayo haikuondolewa na shoka peke yake: huko Mwache, magharibi mwa mji, mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, ukaifunika mizizi ambayo mikoko huipumulia, na miti ikafia imesimama. Mvua moja iliua kinga ya mvua zilizofuata.

Kisha kuna yasiyo ya kwetu. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi linasema usawa wa bahari duniani ulipanda takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kati ya 2006 na 2018 kasi ilifika milimita 3.7 kwa mwaka. Sentimita 20 ni shubiri moja. Ukiwa Kizingo juu ya jabali, shubiri si kitu. Ukiwa na mtaro ambao mteremko wake wote hadi horini haufiki urefu wa mtu, shubiri ndiyo tofauti ya maji kutoka na maji kurudi. Utafiti uliochapishwa 2008 ulikadiria kwamba bahari ikipanda sentimita 30 tu, asilimia 17 hivi ya eneo la Mombasa, kama hekta 4,600, inaweza kufunikwa.

Na mvua yenyewe je? Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution waliipima mvua ya Oktoba hadi Desemba 2023 katika Pembe ya Afrika na kukuta kwamba joto lililosababishwa na binadamu liliiongezea ukali hadi mara mbili. Mwaka ule kulikuwa na El Nino, na Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko upande wa mashariki, hali ambayo huleta mvua kubwa kwetu hata pasipo El Nino. Mambo hayo mawili yalikuwepo enzi za babu zetu. Kilichoongezeka ni joto la kuyapandishia.

Onyo lililotolewa, likarudishwa

Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo, na hapa ndipo roho huniuma zaidi.

Shangazi aliambiwa mapema. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilitoa utabiri miezi kadhaa kabla: vuli itapita wastani, El Nino ipo. Aliusikia redioni, akausikia tena msikitini. Mwisho wa Septemba alifanya mpango. Dada yake anakaa Mikindani, mahali palipoinuka. Friza ingehamia kule hadi Januari. Akapatana na hamali wa mkokoteni: shilingi 1,500 kwenda, 1,500 kurudi. Stima ya dada angeilipia. Na gharama kubwa ya tatu haikuwa ya kulipa mtu: friza ikiwa Mikindani, samaki wako mbali na karai. Kila alfajiri ingekuwa nauli ya matatu na ndoo ya barafu, au asiweke akiba kabisa na arudi kununua wa leo na kuuza leo, katika msimu wa kuvuna.

Kutii onyo kulikuwa na bei, na bei yake kwa shangazi ilikuwa karibu faida yote ya kaskazi.

Mwanzoni mwa Oktoba, Rais akatangaza hadharani kwamba wataalamu wa hali ya hewa sasa wamesema hakutakuwa na El Nino, bali mvua ya juu kiasi isiyofikia kuharibu. Jioni ileile shangazi alimpigia hamali simu akamwambia asije.

Simlaumu. Nimejaribu kujiweka mahali pake na ningefanya vivyo hivyo. Utabiri husema kuna uwezekano mkubwa, na mwenye friza moja hana namna ya kuhamisha uwezekano: friza ama ihame ama ibaki. Sauti mbili zikisema mambo mawili, mtu maskini atafuata ile isiyomgharimu, na si kwa ujinga. Amepiga hesabu.

Desemba ilipoingia, nchi nzima mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamehama makwao kwa mafuriko.

Daftari linasema nini

Friza ya mtumba ya kufanana na ile: 26,000. Samaki wa mali kauli: 9,400. Hizo ndizo hasara ambazo mtu angezipiga picha. Lakini siku 17 hakukaanga, kwa sababu jiko lilikuwa majini, maji ya kisima yalikuwa yamechanganyika na ya vyoo, na hakuna mteja angekula samaki aliyekaangwa pale. Faida yake safi kwa siku ya kawaida ni kama 600. Hiyo ni 10,200 nyingine, kubwa kuliko thamani ya samaki wenyewe, na haikuacha alama yoyote ya kuonyesha mtu. Siku hizo pia mtungi wa maji wa lita 20 ulipanda bei mtaani, na kila nyumba ilinunua hata maji ya kuoshea vyombo.

Tajiri alitaka chake. Asingelipwa, kaskazi nzima asingempa samaki. Shangazi akachukua mkopo wa simu wa 10,000 amlipe. Kuilipa simu, akaja kwenye chama.

Siku hiyo ya chama siisahau. Kati ya wanachama kumi na wanane, saba walikuwa wameingiliwa na maji, na wote saba waliomba mkopo Ijumaa moja. Sanduku lilikuwa na pesa za kutosha watu wawili. Mama mmoja aliyekuwa amepoteza cherehani alisimama akasema yeye ajitoe, apewe mwenzake mwenye mtoto mchanga. Wa pili akajitoa. Mwisho tukagawanya kilichokuwepo mafungu saba, na fungu moja halikutosha kununua hata mashine ya mtumba.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jambo hili. Chama kimejengwa kwa msiba wa mmoja mmoja. Leo mwanao anaumwa, sisi kumi na saba tunakubeba; kesho ni zamu yangu. Mpango huu umewabeba watu wa pwani katika maradhi, mazishi na arusi, na unafanya kazi kwa sababu masaibu huja kwa zamu. Mvua hii haikuja kwa zamu. Iliwapiga wabebwa na wabebaji usiku mmoja.

Nikiitazama nchi naona sanduku lilelile. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika kaskazini na mashariki mwa Kenya, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa. Wanasayansi wa kundi lilelile walisema ukame ule usingefika hapo bila joto lililoongezwa na binadamu. Kabla deni la ukame halijapoa yakaja mafuriko ya 2023, kisha ya masika 2024. Serikali nayo huenda sandukuni ikiwa na waombaji saba na pesa za wawili, kisha huenda kwa mkopeshaji. Kenya inatoa chini ya asilimia 1 ya hewa chafu ya dunia. Tarehe 30 Novemba 2023, majuma mawili baada ya friza kupinduka, mkutano wa tabianchi ulifunguliwa Dubai na mfuko wa kufidia hasara na uharibifu ukaidhinishwa siku ya kwanza. Ahadi za mwanzo zilifika kama dola milioni 700 kwa nchi zote maskini duniani. Nimelipekua daftari langu. Hakuna mstari hata mmoja ambao pesa hizo zimeingia.

Wala hasara hii haitaonekana kirahisi katika hesabu za taifa. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira za Kenya nje ya mashamba madogo ni za jua kali, yaani zisizo rasmi. Ripoti za mafuriko huhesabu nyumba, madaraja, mifugo na ekari. Siku 17 za karai lisilowaka zitaandikwa wapi? Ndiyo maana nina wasiwasi kila nikisikia asilimia ya pato la taifa inayotajwa kupotea kwa tabianchi: huenda ni ndogo kwa sababu tu waliopoteza ni wadogo.

Sitakaa sana kwenye suala la samaki wenyewe kupungua, ingawa linahusika. Joto la bahari la 1998 liliyapausha matumbawe ya mwambao wetu, na sehemu nyingi matumbawe hai yalipungua zaidi ya nusu. Tafi na changu huishi humo. Wavuvi wakongwe wa Tudor wanasema pia kwamba kaskazi siku hizi haina adabu, inachelewa na inakatika. Shangazi ananunua ghali zaidi kila mwaka, kwa hiyo mafuriko yalimkuta akiwa amepungua tayari.

Nini kingebadilisha kisa

Si ukuta. Ngome ya Fort Jesus imejengewa ukuta wa bahari kuilinda na mawimbi, na ni haki, kwani ni urithi wa dunia tangu 2011. Lakini mtaa wa hori hauwezi kujengewa ukuta dhidi ya maji yanayotoka sakafuni. Mtaro wenye mlango wa kujifunga bamvua likija ungesaidia, na mikoko kurudishwa ingesaidia baada ya miaka. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013 umekuwa ukitunza mikoko na kuuza hewa ukaa, na mapato yake yamepelekwa kwenye maji na shule za kijiji. Hayo yote ni mema na yafanywe.

Ila kwa shangazi, Oktoba ile, kilichopungua kilikuwa shilingi 3,000 za mkokoteni na mtu wa kumfidia faida ya majuma sita. Kaskazini mwa nchi jambo hili lina mfano: mpango wa HSNP, wa kuzikinga kaya na njaa, hutuma pesa kwa kaya za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera setilaiti zikionyesha malisho yamekauka sana, bila kungoja ng'ombe wote wafe. Kwa mafuriko ya mjini sijauona mpango wa namna hiyo ukimfikia hata mmoja wa chama chetu. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ipo tangu 2016, na kaunti zina mifuko ya tabianchi na kamati za wadi. Kamati hizo hupenda kitu kinachoweza kuzinduliwa kwa utepe. Naomba zifikirie kulipa hamali kabla ya mvua.

Sisi tulianza na chetu. Januari 2024 chama kiliweka mfuko wa mvua: shilingi 20 kila mmoja kila Ijumaa, na kanuni moja, kwamba hazitumiki baada ya maji kuingia, hutumika kabla tu. Idara ikitoa onyo, mkokoteni unalipwa bila kikao.

Mwisho wa Aprili mfuko ulikuwa na 5,760. Kisha likaja onyo la kimbunga Hidaya. Alhamisi tulihamisha friza mbili, cherehani moja na magunia ya unga ya wanachama watano, kwa shilingi 4,200. Jumamosi, tarehe 4 Mei, Hidaya kilifika Mafia, Tanzania, kikiwa kimeshapoteza nguvu. Mombasa tulipata upepo na wingu.

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na maneno makali. Wengine walisema tumechoma pesa kwa wingu. Mmoja alitaka mchango ushushwe uwe 10, mwingine alitaka kanuni ibadilishwe tuwe tunangoja kuona kwanza. Shangazi alikuwa kimya muda wote. Yeye hakuwa na friza ya kuhamishwa; mpaka leo hana. Mwisho akasema, "Mimi Oktoba nilingoja nione kwanza."

Tulipiga kura. Kumi na mmoja walitaka ibaki 20 na kanuni ibaki ilivyo, saba walikataa. Mfukoni zilikuwa zimebaki 1,560. Nilipozungusha sanduku, kila mmoja aliweka 20 yake, na wale saba pia.